Bear Bryant alifufua Alabama, lakini sifa zote ni zake?

Kila msimu ukiisha, wewe na wasee wako mnabishana jambo lile lile: ni kocha ama ni wachezaji? Timu ikiamka, kocha anaitwa fundi. Timu ikilala, wachezaji wanaitwa wavivu na kocha anafunga virago. Leo nataka nikupeleke mbali kidogo, kusini mwa Marekani, ukutane na mzee ambaye huko wanamtaja kwa heshima ile shosho wako humtajia kasisi aliyembatiza. Jina lake Paul William Bryant. Ulimwengu ulimjua kama Bear, yaani dubu.

Kabla hujafunga ukurasa, hebu tuelewane. Mchezo ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai, binamu ya raga. Na si ligi ya kulipwa, ni ya vyuo. Huku kwetu timu ya chuo inaweza kucheza fainali mbele ya wanafunzi ishirini na askari wa geti. Kule, mechi ya chuo hujaza uwanja watu makumi ya maelfu na shughuli za jimbo zima zikasimama. Alabama haina klabu hata moja katika ligi kuu ya kulipwa, kwa hivyo mapenzi yote huenda kwa vyuo viwili, Alabama na Auburn, na uhasama wao ukiufananisha na wa Gor Mahia na AFC Leopards hujakosea. Sisi Wakenya mlango wa vyuo hivyo tumeupita kwa riadha. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka wa 1978. Kwa hivyo usidhani hii ni stori ya michezo ya kupitisha muda baada ya lekcha.

Bryant alizaliwa Septemba 11, 1913, mahali paitwapo Moro Bottom, Arkansas. Alikuwa wa 11 katika watoto 12. Baba yake alikuwa mgonjwa, kazi ngumu hakuiweza, kwa hivyo mama ndiye aliyebeba boma. Paul mdogo alipanda mkokoteni naye kwenda kuuza mboga mjini Fordyce, na watoto wa mjini walimcheka. Kama umewahi kwenda shule na viatu vilivyokuwa vya kaka yako, unajua hiyo kitu haitoki kichwani. Mpaka uzeeni alikuwa akisimulia.

Lile jina la dubu alilipata akiwa na miaka kama 13. Ukumbi mmoja wa sinema Fordyce ulileta dubu na kuahidi dola moja kwa kila dakika ambayo mtu angepigana mieleka naye. Kijana akajitosa. Inasimuliwa kwamba kifungo cha mdomo wa mnyama kilitoka, Paul akaona damu na kukata mbio, na alipomtafuta mwenye dubu amlipe, jamaa alikuwa ameshatoweka. Hela hakupata. Jina likabaki.

Mwaka wa 1931 alikwenda Alabama kuchezea chuo, na hapa kuna kitu nakipenda: hakuwa hata amemaliza shule ya upili. Ilibidi aketi darasani na vijana wa shule moja ya Tuscaloosa amalize masomo yaliyobaki huku akifanya mazoezi na timu ya chuo. Uwanjani hakuwa nyota. Upande wa pili wa safu alicheza Don Hutson, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wadakaji bora wa historia, na Bryant akajulikana kama yule mwingine. Pamoja walipiga Stanford 29-13 katika Rose Bowl ya Januari 1, 1935. Msimu uliofuata alicheza dhidi ya Tennessee akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika. Hiyo ya mwisho ishike, kwa sababu mtu aliyecheza na mguu umevunjika huja kuwa kocha asiyeelewa kwa nini wewe unalalamika kiu.

Baada ya kutumika katika jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipewa timu ya Maryland mwaka wa 1945. Akashinda 6, akapoteza 2, sare 1. Kisha mkuu wa chuo akamrudisha kikosini mchezaji ambaye Bryant alikuwa amemsimamisha, na pia akamfuta msaidizi wake mmoja. Bryant akaondoka. Hakusubiri msimu wa pili.

Akaingia Kentucky, na mimi huwa nawaambia watu kwamba ukitaka kujua uwezo halisi wa Bryant, anza Kentucky, usianze Alabama. Alabama ilikuwa na historia. Kentucky ilikuwa nyumba ya mpira wa vikapu, na kocha wa vikapu, Adolph Rupp, ndiye aliyekuwa mfalme. Bryant alikaa huko misimu 8, akashinda mechi 60. Mwaka wa 1950 alitwaa ubingwa wa ligi yao ya SEC, kisha Januari 1, 1951 vijana wake wakaifunga Oklahoma 13-7 katika Sugar Bowl. Oklahoma ilikuwa imeshinda mechi 31 mfululizo. Sasa angalia kilichotokea alipoondoka: Kentucky ilingoja hadi 1976 ndipo ikashika tena sehemu ya ubingwa huo. Robo karne! Ukiondoa mtu mmoja na jengo likaporomoka hivyo, utasema mtu huyo hakuwa nguzo?

Lakini tulia. Kuna Junction.

Mwaka wa 1954 alichukua Texas A&M, na mnamo Septemba akawapakia wachezaji mabasini hadi mji mdogo wa Junction, Texas. Eneo lilikuwa na ukame mkali. Uwanja ulikuwa mawe na miiba. Kwa siku 10 walifanya mazoezi kutoka alfajiri, kwenye joto la kuchoma, na maji yalikuwa hayaruhusiwi mazoezini, kwa sababu makocha wengi wa enzi hiyo waliamini maji yanamlainisha mchezaji. Usiku baada ya usiku vijana walikusanya nguo zao na kutoroka gizani. Idadi hubadilika kutegemea anayesimulia, lakini waliofika walikuwa kama mia moja na waliobaki hawakuzidi sana 35. Kijana mmoja alizidiwa na joto, nusura afe.

Hii stori Marekani imetungiwa kitabu na filamu, na mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya ushujaa: waliobaki ni wanaume, waliotoroka hawatajwi. Mimi hapo nakataa. Mimi pia niliondoka chuo bila cheti, na najua yule anayeondoka usiku na begi lake mara nyingi amepiga hesabu zake vizuri kuliko aliyebaki. Kocha akikunyima maji kwenye jua la Texas, kuondoka ni akili. Na msimu huo wenyewe unanisaidia kubisha: baada ya mateso yote yale, Texas A&M ilishinda mechi 1 na kupoteza 9. Ndio msimu pekee kati ya 38 ambao Bryant alimaliza na vichapo vingi kuliko ushindi.

Mashabiki wake watakujibu haraka kwamba miaka miwili baadaye timu hiyo ilimaliza bila kushindwa, ushindi 9 na sare 1, mabingwa wa ligi yao. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba haikuruhusiwa kucheza mechi kubwa za mwisho wa msimu, kwa sababu chuo kilikuwa kimeadhibiwa kwa kuvunja kanuni za kusajili vijana, chini ya Bryant huyo huyo. Kwa hivyo ufufuo ulikuja na bili yake.

Sasa twende Alabama yenyewe.

Kati ya 1955 na 1957 timu ilikuwa chini ya J. B. Whitworth. Mechi 30: ushindi 4, sare 2, vichapo 24. Mwaka wa 1955 ilipoteza zote 10. Mwaka wa 1957 Auburn iliwanyuka 40-0, na juu ya hayo ikatwaa ubingwa wa taifa. Fikiria aibu ya hapo mtaani. Na ngoja nikuambie jambo ambalo wale wa timu-ni-wachezaji hawalipendi. Katika kile kikosi cha 1955 kilichopoteza kila mechi kulikuwa na kijana aitwaye Bart Starr, ambaye kwa muda mrefu wa msimu alikaa benchi. Starr ndiye aliyekuja kuiongoza Green Bay Packers kushinda Super Bowl ya kwanza na ya pili. Kipaji kilikuwa ndani ya nyumba. Hakukuwa na wa kukiona.

Ila mtetee Whitworth kidogo. Hakuwa na uhuru kamili wa kuchagua wasaidizi wake. Bryant alipokuja alipewa timu na pia ukurugenzi wa michezo wa chuo kizima, mkataba wa miaka 10, na bajeti mkononi. Kuna tofauti kubwa kati ya kumpa mtu usukani na kumpa usukani, breki na ufunguo wa tangi la mafuta. Wanaosema Bryant alifufua timu peke yake husahau kwamba kuna watu ofisini walioamua, kwa mara ya kwanza baada ya muda, kuacha kocha awe kocha.

Msimu wake wa kwanza, 1958, ulikuwa ushindi 5, vichapo 4, sare 1. Si kitu cha kuandikia nyumbani, utasema, lakini hesabu tena: hizo 5 zilizidi jumla ya misimu mitatu iliyotangulia. Mwaka huo huo aliwaketisha wanafunzi wapya na kuwaambia kwamba kabla hawajamaliza chuo watakuwa mabingwa wa taifa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa hata kucheza kikosi kikubwa wakati huo. Mmoja wao alikuwa Pat Trammell. Mwaka wa 1961, Trammell akiwa ndiye mpangaji wa mashambulizi, Alabama ilishinda mechi zote 11 na kuruhusu pointi 25 tu msimu mzima. Auburn? 34-0. Trammell baadaye alisomea udaktari, akafa kwa saratani mwaka wa 1968 akiwa bado kijana, na inasemekana hakuna mchezaji ambaye Bryant alimpenda zaidi.

Kisha akaja Joe Namath, kijana wa Pennsylvania mwenye mkono wa dhahabu na mapenzi ya raha. Mwishoni mwa 1963 Bryant alimsimamisha kwa kuvunja sheria za timu zikiwa zimebaki mechi mbili, mojawapo Sugar Bowl. Unamwacha nje staa wako kwenye mechi kubwa hivyo? Alimwacha, na timu ikashinda zote mbili. Mwaka uliofuata Namath akarudi na wakawa mabingwa. 1965 wakarudia.

Mataji sita ya taifa kwa jumla: 1961, 1964, 1965, 1973, 1978 na 1979. Hapo ndipo mashabiki hukuwekea kidole usoni. Lakini ukichungulia ndani, mataji mengine yana matobo. Zamani bingwa hakuamuliwa na fainali, waliamua wapiga kura, na baadhi walipiga kura kabla ya mechi ya mwisho. Mwaka wa 1964 Alabama ilitangazwa bingwa kisha ikapigwa na Texas 21-17. Mwaka wa 1973 ikatangazwa tena na mojawapo ya kura, kisha Notre Dame wakaifunga 24-23. Na 1978 iligawana na Southern California, timu ambayo ilikuwa imeipiga Alabama nyumbani kwake msimu huo huo. Haki itendeke pia upande wa pili: mwaka wa 1966 walishinda zote 11 na wakawekwa nafasi ya tatu.

Kwa nini ya tatu? Kuna wanaosema ni kwa sababu Alabama ilikuwa timu ya weupe watupu katika jimbo ambalo dunia nzima ilikuwa imeona likiwapiga watu weusi mabarabarani kwa mbwa na mipira ya maji. Na hapa ndipo sifa za Bryant zinakuwa ngumu kugawa.

Juni 11, 1963, Gavana George Wallace alisimama mlangoni pa chuo hicho hicho kujaribu kuwazuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, wasijisajili. Waliingia. Lakini timu ya futiboli ilibaki nyeupe miaka mingine. Mwaka wa 1967 vijana weusi wachache walijitokeza mazoezini bila ufadhili, hakuna aliyefika hadi kucheza mechi. Mwaka wa 1969 wanafunzi weusi wa chuo walienda mahakamani, wakidai idara ya Bryant haiwasajili wanariadha weusi. Desemba mwaka huo Wilbur Jackson akawa mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli Alabama.

Sasa wewe umesikia stori tofauti, kama umeisikia kabisa. Stori maarufu ni kwamba Septemba 12, 1970, Southern California walikuja Birmingham, na kijana mweusi aitwaye Sam Cunningham akakimbia yadi 135 na kufunga mara mbili, wageni wakashinda 42-21, na usiku huo Bryant na Alabama nzima wakafunguka macho. Filamu tamu. Shida ni tarehe. Jackson alikuwa ameshasaini. Siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hawezi kucheza kwa kanuni. Lile pigo liliwanyamazisha mashabiki weupe, hilo sikatai, ila mlango haukufunguliwa na Cunningham wala na Bryant pekee. Uligongwa na Malone na Hood, na wale vijana wa 1967 ambao hakuna aliyewachongea sanamu, na waliokwenda mahakamani. Bryant alikuwa na nguvu kuliko mtu yeyote katika lile jimbo, pengine hata kumshinda gavana. Alidai kwamba huko nyuma Kentucky alitaka kusajili weusi akakataliwa. Sawa. Lakini Alabama alikaa zaidi ya miaka 10 kabla hajasajili hata mmoja, na Kentucky yenyewe ilimtangulia.

Na ujue timu ilikuwa imeanza kuzama tena. 1969: ushindi 6, vichapo 5. 1970: 6, 5 na sare 1. Watu walianza kunong'ona kwamba mzee amekwisha. Hapo ndipo akafanya kitu ambacho, kwangu mimi, kinazidi yale ya 1958. Akiwa na karibu miaka 58, mwenye mataji matatu, alikwenda kwa rafiki yake Darrell Royal wa Texas akajifunza mfumo mpya wa kushambulia kwa kukimbia na mpira, unaoitwa wishbone. Akaufundisha timu kwa siri kiangazi kizima cha 1971. Mechi ya kwanza walirudiana na Southern California, kwao Los Angeles, hakuna aliyejua kinachokuja. Alabama 17-10. Uwanjani siku hiyo alikuwepo John Mitchell, mweusi wa kwanza kuichezea Alabama. Mitchell alikuwa kijana wa Mobile, Alabama, aliyekuwa akisoma chuo kidogo Arizona, na Southern California walimtaka. Kocha wao, John McKay, aliropoka jina lake mbele ya Bryant katika mazungumzo ya kirafiki, Bryant akainuka akatafuta simu. Manze, chunga mdomo wako mbele ya washindani. Mwaka wa 1972 Mitchell alikuwa mmoja wa manahodha, na 1973 Bryant akamwajiri kama msaidizi wake.

Kuanzia 1971 hadi 1979 Alabama ilishinda mechi 97 na kupoteza 11. Soma tena hiyo.

Kuna wanaopunguza hizo namba kwa hoja ya maana. Kwa miaka mingi hakukuwa na kikomo cha kitaifa cha ufadhili, kwa hivyo kocha tajiri angeweza kusajili vijana hata asiowahitaji ili tu wapinzani wasiwapate, na Alabama ilijaza ghala. Kikomo cha wachezaji 105 kiliwekwa mwaka wa 1973, kikashushwa hadi 95 baadaye. Hoja nzuri, ila inagonga ukuta: mataji ya 1978 na 1979 yalikuja baada ya kikomo. Ghala lilifungwa na mzee akaendelea kushinda, safari hii na kikosi ambacho sehemu yake ingekatazwa kuingia uwanjani miaka 12 nyuma. Kwa hivyo ukiniuliza ile ya 1958 nitasema nusu ni yake na nusu ni ya ofisi iliyompa funguo. Ile ya 1971 sehemu kubwa ni ya Jackson, Mitchell na waliowafuata, na yeye namlipa kwa kukubali kujifunza upya umri ule, hata kama alichelewa mno upande wa pili.

Novemba 28, 1981 aliifunga Auburn 28-17, ushindi wake wa 315, akaipita rekodi ya Amos Alonzo Stagg. Mwili ulikuwa umechoka, sigara na pombe havikumwacha salama. Desemba 1982 alitangaza anaondoka, na Desemba 29 akashinda mechi ya mwisho dhidi ya Illinois, 21-15. Ushindi wa 323. Siku 28 baadaye, Januari 26, 1983, moyo ulisimama katika hospitali ya Tuscaloosa. Alikuwa na miaka 69.

Wachezaji wa kikosi chake cha mwisho walibeba jeneza, weusi na weupe. Msafara ulikwenda kutoka Tuscaloosa hadi makaburi ya Elmwood, Birmingham, mwendo wa karibu kilomita 90, na watu walijipanga kando ya barabara kuu na juu ya madaraja, malori yakaegeshwa. Alikuwa na pete za ubingwa za kutosha kujaza sahani. Inasemekana aliyozikwa nayo ni moja tu, ile aliyopewa mwaka wa 1979 alipokutana tena na vijana wa Junction, wale 35 waliobaki, wa timu iliyoshinda mechi moja.